Siku ya Tatu, Omba Jembe

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani, hapa Mkomani, Lamu, na kofia ninayoishona mapajani. Nyingi zinazunguka jambo moja: mtu akisafiri nje ya nchi, afanye nini hata akae na wenyeji badala ya kuwapita tu? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa. Nyingine nitasema ninalolijua.

*Shikamoo Bi. Mimi nina duka la vitenge Malindi. Mwaka jana nilikwenda Dubai siku 6 na akina mama wa chama chetu. Tulichukuliwa na basi asubuhi, tukarudishwa na basi usiku. Tulipiga picha, tukanunua vitu, tukarudi. Nilipofika nyumbani, mwanangu wa miaka 9 akaniuliza, "Mama, watu wa kule wakoje?" Nikakosa jibu. Sasa mwezi wa 11 nakwenda Istanbul na dada yangu, siku 12. Sitaki kurudi tena na picha peke yake. Nifanyeje?*
— *Mwenye duka, Malindi*

Marahaba mwanangu. Katika maswali yote niliyoletewa mwaka huu, la mwanao ndilo zuri zaidi, nawe mpelekee jibu safari hii.

Istanbul nimekaa wiki 7. Mtoto wa dada yangu anasoma huko, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza, dada yangu goti lilikuwa halimruhusu kupanda ndege wala ngazi. Basi nikaenda mimi kumlea mzazi mpaka atoke arubaini. Wamepanga nyumba Üsküdar, upande wa Asia, mtaa wa vilima na ngazi na paka. Paka wengi kama wa kwetu Lamu, na watu wanawawekea maji kwenye vibakuli milangoni.

Nilifika Jumamosi usiku. Jumapili na Jumatatu nilikuwa mgeni: nakalishwa, napewa chai, naulizwa kama nasikia baridi. Jumanne alfajiri mpwa wangu akaniambia kutoka kitandani, "Khale, mkate umekwisha." Mumewe ameshakwenda kazini, yeye ni mzazi wa siku 9, hakuna mwingine wa kutumwa. Akanifundisha maneno mawili, *iki ekmek*, mikate miwili, nikashuka ngazi na sarafu zimenilowa jasho kiganjani.

Wazee wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huisema methali hii tukiwa tumechoka na mgeni, kama kwamba jembe ni la kumwondoshea. Mimi kwenye ngazi zile niliisikia vingine. Tangu nifike, ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa na jambo la kufanya katika mji ule. Ukiwa na jambo la kufanya, mji hukufungulia mlango ambao mtazamaji hauoni.

Mwoka mikate aliponiona aliniambia, "Merhaba." Nikasimama. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, nami nilikuwa sijamwamkia. Kwao ndiyo salamu yenyewe. Toka siku hiyo nikawa naokota maneno kama mtu aokotaye shanga zake mwenyewe njiani: wanasema *dakika*, nasi twasema dakika, *dünya* ni dunia, *sabun* ni sabuni, *sandık* ni sanduku, *fincan* ni finjani. Sote tumeyachukua kisima kimoja. Mpaka wiki ya pili, yule bwana akiniona navuka barabara alikuwa anaifunga mikate yangu miwili kwenye karatasi kabla sijafungua mdomo.

Asubuhi moja nikamwona mama aliye mbele yangu analipa mikate mitatu, anatoka na miwili. Nikadhani amesahau. Nikamwita na kumwonyesha ule wa tatu. Mwoka mikate akatikisa kichwa, akaweka mkono kifuani, akauonyesha ubao ulioandikwa ukutani. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza nilipopanda: wanauita *askıda ekmek*, mkate ulioangikwa. Mwenye nacho hulipa mmoja zaidi ukabaki dukani, na asiyekuwa nacho huingia akauliza tu kama upo. Haulizwi jina, wala mlipaji hajui kamlipia nani. Ijumaa ile nililipa mitatu, nikachukua miwili. Sijui nani aliyeula wa tatu, na mpaka leo nikiukumbuka moyo wangu hufurahi.

Sasa nikueleze habari ya kikapu. Juu yetu, ghorofa ya 4, alikaa bibi mmoja mkubwa kwangu kwa miaka kama 10. Ngazi zilikuwa zimemshinda, kwa hiyo alikuwa akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka dirishani, fedha ndani, na mwenye duka chini humtilia anachotaka. Siku moja natoka kwa mwoka mikate, kikapu kikanining'inia usoni na sauti ikasema kutoka juu, "Ekmek!" Nikatia mkate mmoja, nikazichukua fedha. Kikapu kikapanda. Kabla sijafika mlangoni kikashuka tena, safari hii kina machenza matano, mawili na majani yake.

Hapo nilikosea. Nilitia sarafu kwenye kikapu, malipo ya machenza. Kikapu kikapanda, kimya kidogo, kisha kikashuka na sarafu zile zile, na dirisha likafungwa. Nilipomsimulia mpwa wangu akashika kichwa. "Khale, umemlipa jirani!" Niliona haya mpaka masikio yakawaka, maana kwetu pia mtu akikuletea machenza hulipi. Nilikuwa nimesahau adabu yangu mwenyewe kwa kuwa niko ugenini, na nadhani ndivyo tunavyosahau wengi: tukivuka bahari tunafikiri kila kitu ni cha kununuliwa.

Jioni ile nikapata tui la kopo, nikatia iliki niliyotoka nayo nyumbani, nikapika mahamri, nikampelekea sahani nzima mlangoni kwake. Kesho yake sahani ikarudi na majani ya mzabibu yaliyosokotewa wali ndani, membamba kama kidole cha mtoto. Sahani hairudi tupu kwao, kama isivyorudi tupu kwetu. Na aliyeileta alikuwa mwenyewe, ameteremka zile ngazi zilizomshinda, na mkono wa pili ana chupa ya sharubati nyekundu. Ni kinywaji wanachompa mzazi. Nikafungua kizibo, nikanusa mdalasini, kisha karafuu. Karafuu! Nikakaa chini. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa Pemba na karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu ile ilikuwa imenifuata mpaka kwenye chumba cha mzazi Üsküdar.

Bibi akaona kofia yangu kwenye kiti. Mimi hushona kofia za vitobo, zile nyeupe. Moja huweza kunichukua miezi mitatu, na sisafiri bila ya sindano. Akaichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya vitobo kimoja kimoja kama anayevihesabu. Kisha akaivuta pembe ya kilemba chake kichwani, akanionyesha. Pembeni mwote palikuwa na maua madogo kama punje za mchele, yameshonwa kwa sindano na uzi mtupu, hakuna kitambaa nyuma yake. Wanauita *oya*. Nimeshona tangu nina miaka 11 na sikujua uzi unaweza kusimama peke yake vile. Akanifundisha fundo, nikalikosa, akalifungua, nikalikosa tena. La nne likakaa. Akaishika mikono yangu yote miwili akasema, "Eline sağlık." Maana yake ni afya iwe mkononi mwako. Humwambia mtu aliyekupikia au aliyekutengenezea kitu. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri, watu wawili tusiojuana lugha, na hakuna saa katika wiki zile 7 iliyokuwa tamu kuliko ile.

Ukipenda, jifunze na neno jingine kabla hujaondoka: *kolay gelsin*. Humwambia mtu yeyote unayemkuta kazini, mfagiaji, fundi, muuza samaki. Sisi twasema pole na kazi, twamwonea huruma. Wao wanamwombea iwe nyepesi. Sema neno hili uone nyuso zinavyofunguka.

Kwa safari yako basi. Ukiweza, acha hoteli, mpange nyumba ndogo yenye jiko, Üsküdar au Kadıköy. Tafuteni mwoka mikate mmoja na mwende kwake huyo huyo kila asubuhi. Siku 12 zatosha ajue mnachokula. Wewe ni mtu wa nguo, kwa hiyo usiende mikono mitupu: chukua gauni lisilokunjwa pindo, ulipeleke kwa fundi cherehani wa mtaani, ulifuate siku ya pili. Siku mbili zile una deni na mtu, na mwenye deni si mgeni tena. Chukua na doti mbili tatu za kitenge za kutoa. Soko la Jumanne la Kadıköy msikose.

Kivuko cha Eminönü kwenda Üsküdar mpande jioni watu wakitoka kazini, si ile meli ya watalii. Safari yenyewe ni fupi, chai inauzwa ndani kwenye gilasi ndogo yenye kiuno, na shakwe wanaruka sawa na dirisha wakingoja kipande cha *simit*, mkate wa duara wenye ufuta. Mkipanda *dolmuş*, ambazo ni kama matatu zetu, aliyekaa nyuma humgusa wa mbele bega akampa nauli, na huyo humpa wa mbele yake, mpaka imfikie dereva, na chenji hurudi kwa mikono ile ile. Kaa katikati kusudi. Utashika fedha za watu ambao hamjuani nao, wamekuamini.

Nami sikwambii uache kuona majengo yao. Nenda msikiti wa Sultan Ahmet, nenda Topkapı, kasri la masultani wao, ni vitu vya kushangaza. Ila pale kivukoni Üsküdar pana msikiti wa Mihrimah Sultan, uliojengwa na Mimar Sinan, msanifu wao mkuu wa zamani, katika miaka ya 1540. Mimi sikuuona kama jengo la kutembelewa. Nilikuwa naswali Alasiri humo nikitoka sokoni, vitunguu nimeviweka pembeni, na kina mama wakawa wananisogezea nafasi.

*Assalaam alaykum mama. Mimi ni kijana wa Langoni, baharia wa jahazi. Ndugu za babu wako Oman na wameniita kwa mara ya kwanza, mwezi mzima. Naogopa kuonekana mshamba. Kiarabu changu ni cha chuoni tu. Nijiandae vipi?*
— *Kijana wa jahazi*

Wa alaykum salaam mwanangu. Kiarabu kisikutishe. Utashangaa Kiswahili utakachokisikia Muscat. Familia nyingi zilizokuwa Zanzibar zilihamia huko baada ya 1964, na zaidi baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi. Nimewahi kukaa kwa jamaa zetu huko siku 20, na jikoni mwao Kiswahili ndicho kilichokuwa kinapika.

Kahawa itakuja na tende. Kula tende kwanza. Finjani ipokee kwa mkono wa kulia, nayo itatiwa kidogo tu, kahawa chini kabisa, usidhani umebaniwa. Ukiirudisha bila ya kufanya lolote utatiliwa tena, na tena. Ukitosheka itikise finjani kidogo kulia na kushoto, vidole tu vifanye kazi, mpaji ataelewa. Mimi sikulijua hili siku ya kwanza nikanywa finjani saba kwa adabu.

Lakini mwezi mzima wa kunywa kahawa utakuchosha, kijana wa bahari kama wewe. Siku ya tatu uwaambie jamaa zako, "Nitumeni." Omba upelekwe soko la samaki la Mutrah alfajiri, ununue wewe samaki wa nyumba. Utamkuta jodari na nguru, utawajua bila ya kutafsiriwa. Na waombe wakupeleke Sur. Mji ule ni wa waunda majahazi tangu zamani, na majahazi yake yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka kwetu Lamu, yakingoja kusi kurudi. Mafundi wapo bado. Usisimame na simu mkononi. Wewe unajua kushika kamba, unajua omo na tezi, unajua ubao mbaya ukiugonga unavyolia. Simama karibu na fundi mwenye umri, umwamkie, ungoje. Akikupa ushike upande mmoja wa ubao, umefika.

*Bi, mimi mwalimu wa Mpeketoni. Napelekwa Kigali mkutanoni, siku 3, na nafasi yangu ni jioni moja na Jumamosi asubuhi. Kuna la maana litakalofanyika kwa muda huo?*
— *Mwalimu*

Lipo, mwalimu. Jioni ingia kwenye mojawapo ya vilabu vya maziwa. Kule watu wazima hukaa mezani wakanywa maziwa ya moto au *ikivuguto*, maziwa ya mgando, kama sisi tunavyokaa kwenye kahawa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, kianze wewe. Na uangalie kalenda: ikiwa ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi kuanzia saa 2 hadi saa 5 nchi nzima iko kwenye *umuganda*, kila mtaa unafagia, unachimba mitaro, unapanda miti. Usijifungie chumbani ukingoja imalizike. Muulize mwenyeji wako wanakutana wapi, uende. Wewe utapewa jembe lenyewe, la mpini.

*Shikamoo Bi. Mimi niko Shela, nina vyumba viwili vya wageni. Yupo dada kutoka Uholanzi amekaa siku ya tano sasa. Kila nikienda jikoni anasimama mlangoni, na jana ameomba aingie atazame napika. Mume wangu hana neno. Mimi naona haya: jiko langu ni la makaa, moshi mtupu, naye kalipia apumzike. Nimruhusu?*
— *Mama wa Shela*

Marahaba mwanangu. Siku ya tano! Amechelewa kupewa jembe huyo.

Nilikuwa natazama wageni wanaoshuka bandarini kwetu. Kuna anayetembezwa Ngome, makumbusho na Mkunguni kwa saa mbili, akarudi botini. Namwombea kheri. Na kuna mmoja, miaka imepita, mwanamume mrefu wa makamo, alikuwa akija kwenye benchi la kahawa karibu na kwetu kila asubuhi, hasemi kitu. Siku ya nne au ya tano mwenye punda alikuwa anapakua magunia ya saruji peke yake, punda anahangaika. Akampa yule mzungu kamba, bila ya kumuuliza. Mzungu akaishika kwa mikono miwili. Uso wake siusahau. Alikuwa kama mtu aliyetangaziwa matokeo ya mtihani. Nilikuwa sijawahi kufika Üsküdar siku hizo, sikuelewa anafurahia nini hasa. Sasa naelewa.

Basi mwache aingie, ila asitazame tu. Mpe mbuzi na nazi iliyovunjwa. Mwonyeshe namna ya kukaa juu yake, na asikune mpaka kwenye kifuu, tui litaingia uchafu. Mpe kifumbu mkononi akamue mwenyewe, tui la kwanza mbali, la pili mbali. Mikono itamuuma, mwache imuume. Moshi wako usiuonee haya, bibi wa Üsküdar alinikaribisha kwenye chumba chenye nguo mbichi kila kona. Mambo mawili tu mwambie mapema: vyumba vya ndani si vya kuingia, na mabinti hawapigwi picha. Mtu mwema ataelewa kwa neno moja.

Akimaliza kukuna usimwambie asante kama mgeni. Mwambie pole na kazi. Kisha mpe sarafu, umtume dukani akalete chumvi.